Mkeka wa Klabu, Kahawa ya Kaka

Jumamosi, 1 Juni

Ndugu wanachama wa Klabu ya Kriketi ya Mlima na Ziwa,

Katika mkutano wa mwaka jana mliniagiza mimi, Ottilia, mwenyekiti wenu, niandike shajara ya msimu mzima na kuisoma mbele yenu siku ya kufunga, ili wanaobaki mashambani au ziwani wakati wa mechi nao wajue yaliyotokea. Nimekubali, ingawa nilipostaafu ualimu nilidhani nimestaafu pia kuandika taarifa. Nina miaka sitini na mmoja, goti la kushoto limeanza kunigomea, na kahawa imeanza kuiva. Msimu wetu na msimu wa kahawa vimepangwa na jua lile lile, hivyo kila mwaka tunacheza tukiwa tumekwisha kuchoka.

Leo tumefyeka uwanja wa kigango cha parokia yetu. Ni eneo pekee lililo tambarare hapa Maguu, na upande wa kusini linaishia kwenye ngoro za mahindi, yale mashimo ya kilimo cha Kimatengo. Sheria yetu inabaki ile ile: mpira ukitumbukia kwenye shimo la ngoro, ni mikimbio minne, yaani alama nne, na aliyepiga ndiye anayekwenda kuomba radhi kwa mwenye shamba. Mkeka tumeukagua. Ni mzima. Nawakumbusha kwamba tunao huo mmoja tu, wa nyuzi za makumbi, na kwamba bila huo hatuna kriketi, maana ardhi yetu ni kokoto, na mpira ukidunda kwenye kokoto hakuna ajuaye utakakoelekea. Mkeka unatunzwa stoo kwangu.

Jumamosi, 8 Juni

Glorious amefika kutoka ziwani, na mfuko wa usipa mkavu, dagaa wa kwao, uliotangulia kunukia kabla yeye hajabisha hodi. Ni binti wa mwisho wa Recho, rafiki yangu tangu chuo cha ualimu, tulikojifunza mchezo huu pamoja tukiwa wasichana wenye sketi ndefu mno kwa kukimbia. Atakaa kwangu hadi Septemba. Huko kwao hakuna mkeka, na mchanga wa ufukweni haudundishi mpira.

Jambo lenyewe mnalijua, lakini nitaliandika kwa ajili ya wasiolijua. Tarehe 7 Septemba wachaguzi wa timu ya taifa ya wasichana walio chini ya miaka kumi na tisa watakuwa Songea. Glorious anatimiza kumi na tisa mwezi Januari. Hana mwaka mwingine.

Recho alinipigia simu jioni. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Nimekukabidhi," akaanza kunieleza habari za kwaya.

Jumamosi, 15 Juni

Tumecheza wenyewe kwa wenyewe. Glorious alipata mikimbio arobaini na mmoja na kuomba radhi kwenye mashamba matatu. Jastin, mrushaji wetu kutoka ziwani, alisema watu wa mlimani wanakimbia kama waliobeba chungu cha maji kichwani. Tarsisi, nahodha, akamjibu kwamba watu wa ziwani hawakimbii kabisa, wanasubiri mtumbwi.

Baada ya mchezo tulikaa sengu. Kwa wageni wetu wa ziwani walioingia mwaka huu: wazee wa Kimatengo walikuwa wakila chungu kimoja na ukoo wao, na hapo ndipo mambo yalipotengenezwa. Sisi tumeurithi utaratibu huo. Kila mmoja anataja kosa lake la siku hiyo kwa mdomo wake. Hakuna anayeruhusiwa kutaja kosa la mwenzake, anamsubiri. Leo Jastin alikiri kwamba alilala kidogo akiwa mpakani mwa uwanja.

Jumatano, 19 Juni

Nilichuma kahawa kutwa. Mgongo.

Jumamosi, 29 Juni

Tumewashinda wa mjini Mbinga kwa wiketi tano, yaani wapigaji wetu watano walikuwa bado hawajatolewa. Glorious hakutolewa. Nilitaka kuandika mengi lakini mikono inanuka maganda ya kahawa na macho yanafumba.

Jumamosi, 6 Julai

Ukungu. Hatukucheza.

Jumatano, 10 Julai

Manyunyu siku ya tatu. Hakuna la kuandika.

Alhamisi, 11 Julai

Hakuna la kuandika.

Jumamosi, 20 Julai

Mazoezi. Mkeka ulikuwa mgumu kukunjuka, ukachelewa kupigiliwa misumari. Tarsisi aliniuliza kama ulilowa. Nikamwambia stoo inavuja. Aliinamisha kichwa kwa heshima, akaja jioni na ngazi kuziba bati. Alitafuta tundu muda mrefu.

Jumamosi, 27 Julai

Mazoezi tena. Glorious anapiga vizuri kuliko nilivyowahi kumwona mtu yeyote akipiga katika uwanja wetu. Nasema hivi nikiwa sina furaha, na sababu nitaieleza nikipata nguvu.

Jumamosi, 3 Agosti

Ndugu wanachama, wengi wenu mlikuwepo. Naandika kwa ajili ya wasiokuwepo.

Tulikuwa na wageni kutoka Songea. Glorious alikuwa amefikisha mikimbio ishirini na saba. Mrushaji wao alileta mpira wa kawaida kabisa, wa urefu ambao binti huyu ameshaupiga mara elfu. Ulidunda hatua chache mbele yake, na badala ya kuja kiunoni ukaruka kama uliopigwa teke, ukamgonga mkono wa kulia alioshikia gongo la kupigia. Glavu zetu ni kuukuu. Sauti ya mfupa niliisikia kutoka kwenye kiti changu.

Hakulia. Aliweka gongo chini taratibu, akavua glavu, akakitazama kidole cha kati kana kwamba ni cha mtu mwingine. Mganga wa wageni alikifunga kwa kijiti, na gari lao likampeleka hospitali ya mjini, nami nikiwa naye. Kimevunjika. Wiki tano asishike gongo. Nilihesabu njiani, nikahesabu tena. Wiki tano ni tarehe 7 Septemba.

Kabla gari halijaondoka, Tarsisi alipiga goti pale mpira ulipodundia. Alipitisha kiganja juu ya mkeka, akasimama na kitu kati ya vidole viwili: punje ya kahawa, ikiwa bado na ganda lake la ndani, imejibana kati ya nyuzi. Hakumtazama mtu. Aliitia mfukoni. Jastin aliiona, na waliokuwa karibu waliiona. Wote hao wanachuma kahawa au wameoa kwa wachuma kahawa.

Nilirejea kutoka hospitali mkiwa mmenisubiri sengu. Mlinipa nafasi ya kwanza. Nikasema kosa langu la leo ni kwamba nilichelewesha chakula cha wageni. Mlifunua chungu. Jastin, ambaye hajawahi kula bila kutania, alikula bila kutania.

Jumapili, 4 Agosti

Nimerudi kutoka misa. Naandika lile nililolificha tarehe 10 na 11 Julai, niliposema hakuna la kuandika.

Kaka yangu Mansuetus alikuja asubuhi ya tarehe 10, amelowa mpaka mabegani. Kahawa yake iliyokobolewa na kuoshwa ilikuwa kwenye chanja cha kukaushia, siku ya tisa. Upepo ulikuwa umeichana nailoni yake vipande viwili. Mnajua kahawa ikilowa ikiwa karibu kukauka inakuwaje: inachacha, inanuka, na kwenye chama cha ushirika mpimaji anaipeleka puani mara moja na kuirudisha. Juu ya chanja kile kulikuwa na kazi ya mwaka mzima.

Alivua kofia. Akasema, "Mdogo wangu, naomba ule mkeka wenu. Siku mbili tu."

Nikamwambia, "Kaka, ule si wangu."

"Kwani nimesema ni wako? Nimesema naomba."

Mansuetus aliishia darasa la saba. Hakufeli. Baba alikuwa na kahawa ya kumsomesha mtoto mmoja, na kaka yangu akasema asome Ottilia. Hajawahi kunikumbusha jambo hilo kwa miaka arobaini na mitano, na hata asubuhi ile hakulikumbusha. Alisimama tu na kofia mkononi. Nilifungua stoo. Nilishika upande mmoja wa mkeka, yeye akashika wa pili, na tukautandaza juu ya chanja. Kahawa ilipona.

Mkeka ulirudi mzito kama ng'ombe aliyekufa. Tuliuanika kwenye bati lenye joto, ukajikunja na kukakamaa upande mmoja. Niliuchambua kwa vidole kwa siku mbili, nikitoa punje moja moja. Nilidhani nimezitoa zote. Sikuwaambia kwa sababu ningelazimika kuwaambia ni kahawa ya nani.

Mchana huu Recho alinipigia. Alinipa pole mimi. Alisema anajua nimeumia kama mama. Nilimshukuru.

Jumamosi, 10 Agosti

Hatukuwa na mgeni. Sengu: nilisema nilisahau chumvi.

Jumatano, 14 Agosti

Glorious ananisaidia kuchuma kwa mkono mmoja wa kushoto. Anachuma polepole na haongei. Nilimwambia apumzike. Alinijibu kwamba akikaa anahesabu siku.

Jumamosi, 17 Agosti

Mazoezi. Tarsisi alipitisha kiganja juu ya mkeka wote, mwanzo hadi mwisho, kabla ya kuruhusu mpira. Hakueleza sababu. Sengu: nilisema nilimkaripia mtunza alama bila haki, na lilikuwa kosa la kweli, na hakuna aliyelijali. Wiki hizi mmekuwa mkinipa nafasi ya kwanza kila mara. Zamani nilidhani utaratibu wetu ni wa upole. Sasa nauona ulivyo mzito: hakuna anayekushitaki, wanakupakulia tu.

Ijumaa, 23 Agosti

Recho amepanda kutoka ziwani kumwona binti yake. Ameleta samaki wawili wa kuchoma, aina ya mbasa. Amezeeka. Nadhani naye ameniona hivyo hivyo.

Jumamosi, 24 Agosti

Nilisema.

Tulikuwa kumi na wanane, na Recho mgeni wetu. Chungu kilikuwa hakijafunuliwa. Nilisimama, ingawa sengu hatusimami, kwa kuwa nimezoea kusema makubwa nikiwa nimesimama. Niliwaeleza habari za tarehe 10 Julai kama nilivyoandika hapa: mkeka, manyunyu, chanja cha kaka yangu, uongo wangu kuhusu stoo. Nilisema kidole cha Glorious kimevunjwa na mimi. Nilimwomba radhi yeye, kisha mama yake, kisha ninyi, na nikajiuzulu utunzaji wa mkeka. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu vizuri. Yaliisha haraka.

Tarsisi alitoa ile punje mfukoni na kuiweka kwenye majivu ya jiko. Alisema, "Asante, Mwalimu. Ilikuwa inanichoma."

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini zamu yangu ilipokwisha ilifuata ya Glorious, aliyeketi kulia kwangu, naye akasema ana kosa lake.

"Niliiona, Mama mkubwa," alisema. "Kabla mrushaji yule hajaanza ova ile niliinama kufunga kamba ya kiatu, nikaiona. Tangu Julai nilijua mkeka ulikwenda kwa Mjomba. Ningeiokota, wageni wangeuliza ni nini, na watu wa hapa wangejua imetoka kwenye chanja cha nani. Nikasema moyoni, ni punje moja, mpira hautaigusa."

Hakuna aliyefunua chungu. Recho alikuwa akimtazama binti yake, kisha akanigeukia mimi. Namfahamu Recho tangu tukiwa na miaka kumi na tisa. Nimemwona akizika mume na akizika mtoto. Sijawahi kuisikia sauti ile.

"Kwa hiyo mmoja aliona aibu kukataa," alisema, "na mwingine akaona aibu kuokota. Mmeheshimiana vizuri sana. Na kidole ni cha mwanangu."

Alijifunga khanga yake vizuri, akatoka bila kula. Amekwenda kulala kwa masista wa parokia, na asubuhi anashuka ziwani.

Jumatatu, 26 Agosti

Mansuetus amepita mbele ya nyumba yangu bila kusalimu. Mkewe ameniambia kwa adabu kwamba kaka amesikia nimemtaja mbele za watu. Ni kweli nimemtaja. Sikupata njia ya kusema kweli bila yeye kuwemo.

Jumamosi, 31 Agosti

Kijiti kimetolewa mapema kwa ombi la Glorious. Kidole kinakunja nusu. Recho hajapiga simu.

Jumamosi, 7 Septemba

Songea. Tuliondoka na basi la alfajiri, Glorious, Tarsisi na mimi. Recho alikuwa ameshafika uwanjani kwa njia yake. Nilimsalimu, akaitikia. Aliketi kwenye benchi langu, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

Walikuwa wasichana thelathini na wawili. Kila mmoja alipewa ova nne, yaani mipira ishirini na minne. Glorious alishika gongo kwa vidole vitatu vya mkono wa kulia, na kile cha kati kikiwa kimenyooka kama kinachoonyesha njia. Mipira ya kwanza aliizuia tu. Kisha akapata minne upande wa kushoto, safi, hata mchaguzi mmoja akainua uso kutoka kwenye karatasi yake. Nikaona Recho ameshika ukingo wa benchi. Mpira wa kumi na nne ulipogonga gongo, gongo lilimtoka mkononi likaanguka. Alilichukua. Kwenye mpira wa kumi na saba likaanguka tena. Alimaliza na mikimbio kumi na mmoja.

Majina kumi na tano yalisomwa saa tisa. Lake halikuwamo. Yule mchaguzi alimfuata, akamwambia kwamba mkono wake ukiwa mzima angelikuwa wa tatu au wa nne katika orodha. Nadhani alikusudia kumfariji. Glorious alimshukuru, kisha akaniomba maji.

Nilimgeukia Recho kuomba radhi, akaniwahi.

"Usiniombe tena, Ottilia. Unaomba vizuri mno, na kila ukiomba inanipasa nikujibu. Nimechoka kukujibu. Hasira ikiisha nitapiga simu."

Nilimwambia nitasubiri. Akasema, "Sasa utakwenda wapi," na hapo nikaona kwamba ilibaki kidogo acheke, lakini hakucheka.

Nilidhani atamchukua binti yake. Glorious mwenyewe ndiye aliyesema anarudi mlimani, kuna mechi mbili zimebaki. Recho alimpa mfuko wa machungwa, akapanda gari la kwao.

Jumanne, 10 Septemba

Glorious amelala siku mbili. Leo ameamka, amefua, amesuka nywele.

Jumamosi, 14 Septemba

Mpambano kati yetu wenyewe, mlimani na ziwani. Ziwani wameshinda. Kabla ya mechi Tarsisi alipendekeza mkeka uwe chini ya uangalizi wa Glorious hadi mwisho wa msimu na msimu ujao, ubaki stoo kwangu kwa kuwa ndiyo yenye bati, lakini asiutoe mtu ila yeye. Mliinua mikono wote. Nami niliinua.

Jumapili, 15 Septemba

Recho amepiga simu. Tumeongea habari za bei ya usipa.

Jumamosi, 21 Septemba

Tumewashinda Songea kwao kwa mikimbio minne. Ni mara ya kwanza tangu klabu iundwe. Glorious hakupiga, alisimama kama mwamuzi wa pili na hakukosea hata mara moja. Jastin alipata wiketi sita, akasema njia nzima ya kurudi kwamba zilikuwa saba. Nilitamani kufurahi pamoja nanyi kwa kelele kama ilivyostahili. Nilifurahi nikiwa nimeegemea dirisha la basi.

Jumamosi, 28 Septemba

Siku ya kufunga. Nilikusudia kuandika asubuhi hii hitimisho linalofaa kusomwa mbele yenu saa nne: shukrani kwa mapadre kwa uwanja, kwa wenye mashamba kwa uvumilivu, kwa Tarsisi, kwa Jastin. Pokeeni shukrani hizo hapa, kwa kuwa limetokea jambo jingine.

Saa moja wingu limeshuka kutoka upande wa Matiri, jeusi, si la majira haya. Dakika chache baadaye nimesikia hodi uani. Mansuetus. Kahawa yake ya mwisho iko kwenye chanja, na nailoni mpya imefunika nusu tu. Hajasema nami kwa mwezi mzima, na hata leo hakusema nami. Nilikuwa mezani, mlango wa jikoni ukiwa wazi, na nimesikia kila neno.

"Shikamoo, Mjomba," Glorious alisema.

"Marahaba. Nimeambiwa mkeka uko kwako sasa."

"Uko kwangu."

"Naomba. Si siku mbili. Mpaka wingu lipite tu."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nilijua ni neno gani lilitakiwa, nami nina shahada ya lugha, na sikuwahi kuweza kulitamka mbele ya mtu yule aliyevua kofia.

"Hapana, Mjomba," Glorious alisema. Hakulipandisha wala hakulishusha. "Mkeka hautoki. Mna mabeseni mangapi?"

Nilimsikia Mansuetus akihesabu kwa sauti ya chini. Kisha akasema, "Matatu."

"Hapa kuna mawili na ndoo. Tuihamishie kahawa ndani kabla mvua haijaanza."

Nimewaona wakipita dirishani, Glorious na beseni kichwani, akilishika kwa mkono wa kushoto, kaka yangu nyuma yake na ndoo. Kaka alitazama ndani akaniona na shajara mbele yangu. Akasema, kwa ile sauti aliyoniitia nikiwa darasa la tatu, "Na wewe, utaandika mpaka lini?"

Ndugu wanachama, mkinisubiri kidogo kigangoni leo, msinung'unike. Beseni la pili bado liko hapa jikoni, na tone la kwanza limegonga bati.